Utosi unaowasha chini ya mtandio: uzi wa kina dada tuliopoteza nywele na kubakiwa na kovu

#1 BintiWaLangoni

Assalaam alaykum dada zangu na mama zangu, na ndugu wanaume mtakaopita hapa karibuni pia manake wengi wenu mna wake na dada wenye shida hii na hamjui. Mi niko Lamu, Langoni, umri 43. Maneno haya nimekaa nayo kifuani miaka, leo nayatoa yote kwa sababu juzi harusini, pale ndani wanawake tulipovua mitandio, nimeona vitosi vitatu kama changu na kimoja ni cha msichana hajafika hata 30. Usiku ule sikulala.

Naanza na khala yangu, Mungu amrehemu. Tukiwa wadogo alikuwa akikaa barazani jioni ajipigapiga utosi kwa kiganja, hakuni, apiga tu, asema "kitwa changu chawaka". Watu wazima wakimwambia ni joto, ni damu, atiwe hina imtulize. Alipofariki mi nilikuwa katika walomkosha na utosi wake ulikuwa laini kama kiganja, waanza juu umezunguka mpaka karibu na masikio, zimebaki za ukingoni tu. Nikasema maskini uzee. Kumbe haukuwa uzee.

Changu kilianza nna 34. Kwanza kuwasha, alafu ule mchomo kama umetembelewa na siafu, na ukipitisha kitana pauma hasa. Nywele za pembeni zikawa ndefu kama kawaida lakini za utosini zakatika fupi fupi hazipiti urefu wa kidole, nikadhani ni ile dawa ya kulainisha, nikaacha dawa, nikanyoa nikaanza upya, hazikupita pale pale. Basi nikaingia kwenye mafuta. Nazi ya kukamua nyumbani, habasoda, maji ya kitunguu, hina kila mwezi, mwarobaini, kila miezi mitatu kitu kipya na kila kitu kipya nakipa muda, na huku ndani ugonjwa waendelea kula. Miaka minne. Hiyo miaka minne ndo inayoniuma mpaka leo zaidi ya nywele zenyewe.

Na sisi tunajifunika alhamdulillahi, lakini ndo mtu hakuoni akakwambia, na utosi wako mwenyewe huuoni, kioo kiko mbele. Mwanangu wa kike ndo alonipiga picha kwa simu nikiwa nimeinama nafua. Nikaivuta ile picha iwe kubwa. Ngozi yang'aa kama imepakwa vanishi, na hakuna vile vishimo vidogo ambavyo nywele hutokea, hakuna kabisa, na pembeni yake mahali pengine nywele mbili tatu zatoka shimo moja zimesongamana kama nywele za mtoto wa bandia. Mkiyaona hayo mawili, ngozi kung'aa bila vishimo na nywele kutoka kwa mafungu, msikae nyumbani.

Kituo cha kwanza nlichoenda niliambiwa ni choa, nikapewa dawa za fangasi, nikamaliza, nikapewa tena. Sikuangaliwa hata kwa tochi. Alafu shemeji yangu akanilazimisha Mombasa kwa dokta wa ngozi. Boti mpaka Mokowe gizani, basi Witu, Malindi, mpaka Mombasa nimefika mgongo umekufa.

Yule dokta, mwanamke, alikaa na kichwa changu karibu nusu saa. Ana kikurunzi chenye lenzi anakilaza juu ya ngozi. Alafu akanitia ganzi akatoa vipande viwili vya nyama vya milimita 4, uzi mmoja mmoja akafunga. Nilitaka akate pale katikati penye kipara, akakataa akasema hapo moto ushazima ni majivu matupu, kipimo kinatakiwa pale ukingoni unapowaka. Vipande viwili kwa sababu kimoja maabara wanakikata kwa kulala na kimoja kwa kusimama ndo waone mashina yalivo. Mkiambiwa muende kupimwa mkumbuke hilo, watu wengine wamekatwa katikati majibu yakarudi "kovu tu", aina ya ugonjwa haikujulikana.

Majibu: ugonjwa wa kovu unaoanzia utosini na kutanuka kwenda pembeni, kwa kifupi wauita CCCA. Huwapata zaidi wanawake wenye asili ya Afrika.

Alivonieleza ni hivi. Kila unywele una shimo lake, na ndani kidogo karibu na tezi ya mafuta kuna seli za mbegu. Unywele ukidondoka mbegu zaotesha mwengine. Nywele zikipuputika baada ya kujifungua au homa kali, mbegu ziko palepale, ndo maana zarudi. Sisi huu wetu ni uvimbe ndani kwa ndani unapiga palepale kwenye mbegu, zikifa shimo lajazwa kovu. Shimo likishajaa kovu hakuna mafuta wala dawa itakayolizibua. Nililia pale kitini. Akaningoja nimalize alafu akaniambia, "Mama, hizo zilokwenda tusizililie kwanza, hizi zilobaki ndo tunazipigania."

Na hili mlishike kina mama mnaolaumiwa. Mwaka 1968 madaktari wa Marekani waliupa ugonjwa huu jina la kichana cha moto, kile cha kunyooshea nywele, wakaamini ni mafuta ya moto yaloshuka kwenye ngozi. Baadae ukaonekana kwa wanawake ambao kichana cha moto hawakukigusa, na mwaka 2019 ikapatikana kasoro kwenye jeni, yaani chembe ya urithi mtu anayotoka nayo kwa wazazi, inaitwa PADI3 kwa baadhi ya wagonjwa, jeni ambayo ina kazi katika kuunda unywele. Kwa hiyo wa ukoo upo. Khala yangu hakujitakia. Dawa za kulainisha na misuko ya kuvuta zazidisha, hilo kweli, lakini msikae kumwambia mtu kajiharibu mwenyewe.

Dawa nlizotumia naandika chini nikipumzika, naona uzi ushakuwa mrefu.

#2 MsusiMaweni

Dada Binti nimesoma nimeacha kichwa cha mteja kwenye kiti. Mi nasuka Malindi hapa Maweni mwaka wa 16 huu na hivo vitosi naviona kila wiki wallahi, tena sisi wasusi ndo twaviona kabla ya mwenyewe. Wengine wanambia "nifichie hapo", basi natandaza nyuzi za pembeni zifunike na nabana kidogo zishike. Sasa nauliza kwa roho safi, nawadhuru? Na nikimwambia mteja atahisi namtia aibu mbele za watu nifanyeje

#3 BintiWaLangoni

Dada msusi Mungu akubariki kwa kuuliza. Pale penye ugonjwa kuvuta kwadhuru ndio. Na kuna wengine wao hawana CCCA, ni kuvutwa tu miaka na miaka, hao waondoka pale mbele na juu ya masikio, na mara nyingi wabaki na ushungi mwembamba wa nywele laini pale pale kwenye mpaka wa uso. Hao ukiacha kuwavuta mapema zarudi, ukichelewa napo pageuka kovu. Kanuni alonipa dokta ni rahisi: msuko ukiuma siku ya kwanza, au ukitoa vipele kwenye mizizi, ufumuliwe siku hiyohiyo.

Kumwambia mteja, mwambie peke yake wakati wamwosha, sauti ndogo. Usimwambie "una kipara". Muulize "hapa pakuwasha? pakuuma nikigusa?" Akisema ndio mwambie aende kwa dokta wa ngozi, si duka la vipodozi. Laiti msusi wangu angeniuliza maneno hayo mawili nikiwa na miaka 34.

Sasa dawa. Mi nlipewa klobetasoli, dawa ya steroidi ya kupoza uvimbe, ya asilimia 0.05 kupaka usiku kwenye ngozi, kwenye ngozi si kwenye nywele, kila siku mwanzo alafu ikapunguzwa. Tahadhari, hii ndo dawa ile ile inayotiwa kwenye mikorogo ya kujichubua, nimeona madukani wauza bila kuuliza, usoni usiipake hata kidogo, ngozi yawa nyembamba kama karatasi. Pamoja na hiyo sindano za triamsinoloni, nayo ni steroidi, pale ukingoni kila wiki 4 mpaka 6. Zauma, sitawadanganya, vijisindano vingi vidogo vidogo nilikuwa namshika mwanangu mkono. Na vidonge vya doksisaiklini, ni antibiotiki, miligramu 100 asubuhi na jioni miezi kadhaa. Si kwamba nilikuwa na vidudu, ile dawa yapoza uvimbe.

Doksisaiklini kuna mambo yake. Meza na chakula na gilasi nzima ya maji na usilale mara moja, yachoma koo la chakula. Mi Ramadhani ya kwanza nilimeza daku nikarudi kitandani, nilishinda siku mbili nikimeza mate kwa shida. Dokta akanipangia moja nikifuturu, moja daku lakini nikae kitako mpaka alfajiri. Usiimeze pamoja na maziwa, haishiki vizuri. Na jua letu hili mnalijua, ukiwa kwenye dozi ngozi yaungua haraka.

Kuwasha kulipungua wiki ya sita. Kuungua kuliisha mwezi wa nne. Nywele hazikurudi katikati lakini ukingo ulisimama, na hilo ndo nililokuwa nataka hata kama sikulijua. Alafu minoksidili ya asilimia 5 ya kupaka, ile yazipa nguvu zilizo hai, zile nyembamba zikanenepa. Zilokufa haizifufui.

#4 TibaAsiliPwani

Poleni dada zangu. Hizo steroidi ni sumu. Nna mafuta ya mchanganyiko wa mimea 7 yaotesha nywele hata penye kovu la miaka 10, wateja wangu mashahidi. Nipigieni inbox

#5 BintiWaLangoni

Ndugu yangu, mi mafuta sina vita nayo, nazi napaka mpaka leo nywele zilainike. Lakini kovu haliotwi na unywele na kumwambia mtu utaotesha penye kovu ni kumla miaka yake. Hiyo miaka minne yangu ililiwa hivohivo. Kama una picha za utosi ulokuwa unang'aa bila vishimo ukaota, ziweke hapa hapa wote tuone. Na kina dada, akikwambia "paka miezi sita uone", jueni miezi sita kwenye ugonjwa huu ni nywele ambazo hamtaziona tena.

#6 KlinikoPwani

Mi ni klinikali ofisa, naongezea machache dada kasema vizuri. Doksisaiklini haipewi mjamzito, kwa hiyo ukichelewa siku zako sema kabla. Isipotosha kuna haidroksiklorokwini, watu wakiiona wasema "mbona wampa dawa ya malaria", ndio ni ya ukoo huo lakini hapa yatuliza kinga ya mwili. Dozi yapimwa kwa kilo zako na lazima macho yapimwe mwanzoni na yafuatiliwe, ikikaa miaka mingi yaweza kudhuru ndani ya jicho. Kuna wanaojaribu metformini ile ya sukari, utafiti mdogo wa mwaka 2024 ulionyesha baadhi ya wanawake wenye CCCA walitulia na wengine wakapata nywele kiasi, ila ni watu wachache mno, msikimbilie kununua.

La pili, na hili sijaliona likisemwa kwetu. Watafiti wa Johns Hopkins huko Marekani walichambua mafaili ya wanawake weusi. Katika 447 wenye CCCA, 62 walikuwa na uvimbe wa kizazi, ile faibroidi, yaani asilimia 13.9, wakati wasio na CCCA ni asilimia 3.3. Si kwamba nywele zaleta faibroidi. Yaonekana miili mingine ina tabia ya kuotesha kovu na nyama ngumu kupita kiasi. Kwa hiyo dada mwenye utosi huo na hedhi nzito ya kuganda, apigwe picha ya kizazi.

#7 BintiWaLangoni

Kliniko umenitoa machozi. Khala yangu alitolewa kizazi Mombasa. Hakuna aloyaunganisha.

#8 MamaMambrui

Wanangu hamjambo. Mimi ni mtu mzima, 58, niko Mambrui. Mimi utosi wangu uko sawa lakini nywele za mbele zimerudi nyuma kama mtu alonyolewa kwa wembe, paji limekuwa refu, na nyusi zimekwisha kabisa natia wanja wa kuchora. Haiwashi sana. Mwanangu yuko ng'ambo ataka kunipeleka Istanbul nikapandikizwe nywele za mbele na nyusi, tiketi akitaka kukata mwezi ujao. Nishaurini nami nikate shauri.

#9 BintiWaLangoni

Shikamoo mama. Tafadhali mwambie mwanao asikate tiketi kwanza, nakuomba.

Mi si dokta lakini hivo ulivosema, mpaka wa mbele kurudi nyuma pamoja na nyusi kwisha, kwa mama aliyekoma hedhi, dokta wangu ana wagonjwa wa namna hiyo na ni ugonjwa mwengine wa kovu, ulielezwa mara ya kwanza mwaka 1994 na dokta Kossard wa Australia. Unahitaji uangaliwe uhakikishwe. Na huo ndo ule ambao kupandikiza kuna hatari zaidi kuliko wangu, manake waweza kukaa kimya alafu uamke uzile hata zile zilizopandwa. Kuna hesabu za watu walopandikizwa wenye ugonjwa huo, mwaka wa kwanza nyingi zilishika vizuri, kufikia mwaka wa tano zilobaki ni chini ya nusu. Nyusi wengine huziokoa kwa sindano zikiwahiwa. Anza na dawa mama.

Sasa niseme ya kupandikiza kwa marefu manake ndo wengi mnayasubiri.

Mwaka wa kwanza wa matibabu nilienda kliniki moja ya kupandikiza, siitaji. Nilikaa dakika kumi. Hakuna alogusa ngozi yangu, hakuna aloomba majibu ya maabara, nikapewa karatasi ya bei na tarehe, malipo ya kwanza siku hiyo hiyo. Mkono ulikuwa kwenye pochi. Nikampigia dokta wangu nikiwa nje mlangoni, akaniambia, "Ukipanda mche kwenye shamba linaloungua, wauchoma na mche." Nikarudi Lamu na pesa zangu.

Sharti lake lilikuwa hivi: ukingo usisogee, kusiwashe, kusiume, lenzi isionyeshe wekundu wala magamba kuzunguka mashina, kwa muda usopungua mwaka mmoja na yeye aliutaka miwili, na kabla ya kupanda kipande kikatwe tena kihakikishe ndani pametulia. Mi nilingoja miezi 26. Kila miezi mitatu mwanangu alinipiga picha pale pale dirishani, nimekaa kigoda kile kile, na alikuwa akipima kwa utepe wa cherehani kutoka kipara mpaka juu ya sikio. Daftari ninalo. Namba haikubadilika.

Kupandikiza si kuleta nywele mpya, ni kuhamisha zako. Watoa nyuma ya kisogo wazileta utosini. Kwa hiyo nyuma lazima ziwe nyingi na nzima, na ugonjwa wenyewe usiwe umefika huko. Kuna kukata ukanda mmoja wa ngozi wakaushona, na kuna kutoa shina moja moja. Hapa nywele zetu za kipilipili zina siri yake, ndani ya ngozi shina limepinda kama ndoana. Asiyezizoea akitoboa wima hulikata shina katikati likafa kabla halijahamishwa. Muulizeni kashazitoa nywele za namna yetu kwa watu wangapi, na akuonyeshe picha. Angalieni na masikio yenu, sisi tuna matundu mengi ya vipuli, kama tundu lolote liliota kovu la kuvimba mwambieni mapema, kisogo nacho chaweza kuota hivohivo.

Na penye kovu damu hupita kidogo, basi miche yapandwa kwa nafasi, huwezi kusongamanisha kama mwanamume mwenye upara wa kawaida. Si zote zitashika. Ndo maana dokta wangu alikataa kupanda utosi mzima kwa mpigo. Tukapanda mashina 60 tu, pahali pa ukubwa wa sarafu, na dawa za kupaka nikaendelea nazo bila kuacha, tukangoja.

Ukweli wa miezi hiyo: wiki ya tatu zikaanza kudondoka zote. Nilikuwa nimeambiwa kwamba hudondoka alafu shina hutoa upya, lakini kuziona kwenye mto asubuhi ni jambo jengine. Mwezi wa tatu hakuna kitu. Mwezi wa tano mwanangu akanambia "mama kuna vidoti vyeusi". Mwaka ulipotimia tukahesabu kwa lenzi ya dokta: 38. Nimejifunga mtandio nikatoka pale nikakaa kwenye benchi la nje sikuweza kuinuka.

#10 NahodhaMokowe

Asalaam alaykum. Mi mwanamume nimesoma uzi wote usiku huu. Mke wangu ana miaka 6 halali bila kilemba hata nikiwa mimi tu chumbani. Nilidhani ni tabia. Leo nimemuonyesha uzi huu akanifunulia. Nina maswali mawili. Mi kichwa changu kina nywele nyingi sana, naweza kumpa zangu akapandikizwa? Na pili kishariya, si ilikatazwa kuunga nywele?

#11 BintiWaLangoni

Wa alaykum salaam kaka yangu. Kwa kukufunulia tu mmeshapiga hatua kubwa.

La kwanza, haiwezekani. Mwili wake utazikataa kama unavyokataa figo ya mtu mwengine, ingebidi ameze dawa za kuzima kinga na hakuna dokta atakayefanya hivo kwa nywele. Lazima ziwe zake. Lakini kuna unachoweza kumpa. Mpige picha kila miezi mitatu, mshike mkono akidungwa, mpakie dawa usiku manake mtu utosi wake haufikii vizuri. Mi mume wangu alikuwa akinigawanya nywele kwa mpini wa kitana nami namwelekeza.

La pili mi si mwanachuoni. Nilomuuliza mwalimu wangu wa chuoni alinambia lilokatazwa ni kuunga nywele kwa udanganyifu, na hili ni tiba ya kurudisha kilichoondoka, ni nywele zako zaota zakua zanyolewa. Akanitajia kwamba baraza la fiqhi la kimataifa lilikaa Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007 likaruhusu upandikizaji kwa nywele zilodondoka, hasa kwa mwanamke. Ulizeni na kwa sheikh wenu mridhike.

Mwambie aanze na kipimo, pandikizi ni baadae sana na pengine hatalihitaji.

#12 MsusiMaweni

Leo nimemuuliza mteja wa kwanza vile ulivonambia, namwosha. "Pakuwasha? Pakuuma?" Akafumba macho akasema "tangu nimzae mwanangu wa pili, na huyo yuko darasa la nne." Sikumsuka. Nimempa pesa zake.

#13 BintiWaLangoni

Dada msusi, mwambie huyo mteja, na mke wa Nahodha, na Mama Mambrui: mi nna kliniki Mombasa Jumanne ya wiki ya pili mwezi ujao. Natoka Lamu na boti ya kwanza, basi lapita Malindi kabla ya saa sita. Kwa mama wa Mambrui nitakushikia kiti cha dirishani. Mje na picha za utosi zilizopigwa mchana, orodha ya kila kitu mlichowahi kupaka, na kichwa kisiwe kimesukwa. Semeni hapa nihesabu viti.